Mkasi Ulioanguka Mara Tatu

"Melania."

Ulyana hakugeuka. Aliendelea kuchovya tambi za mishumaa kwenye sufuria ya nta, akainua, akangoja matone yaishe, akachovya tena.

"Sista Melania, unaitwa."

"Huyo hayumo humu."

Aliyesimama mlangoni ni mtawa mnene, jina lake Glafira. Akashusha pumzi. Kwa miaka kumi na miwili mchezo ulikuwa ni huo huo, na yeye ndiye aliyeshindwa kila siku.

"Haya, Ulyana Nikitishna. Mama Mkuu anakuita. Ameletewa barua na mpanda farasi, ina muhuri mkubwa kama kisosi."

"Ya nani?"

"Ya mumeo."

Ulyana akatundika mishumaa kwenye ufito, mmoja mmoja, isigusane.

"Ngoja ninawe mikono," alisema. "Amekaa miaka yote hiyo bila kuniandikia. Hawezi kufa kwa kungoja ninawe."

Mumewe huyo alikuwa Arkadi Borisovich, mpwa wa Malkia wa Urusi, mtu wa damu ya kifalme. Alimwoa Ulyana alipokuwa binti wa miaka kumi na saba, wakakaa miaka sita, mtoto hakupatikana. Kisha Arkadi akamwona Sharlota, binti wa mtawala mmoja wa Ujerumani, na tangu hapo supu ya kabichi ya nyumbani ikawa haina chumvi, mke akawa haoni, hasikii, hajui kuvaa.

Kanisa halikukubali wake wawili. Lakini mke akiingia utawani kwa hiari yake, mume alihesabiwa huru. Na hiari hiyo ilikuwa na namna yake ya kuonyeshwa. Mwanamke hulala kifudifudi mbele ya madhabahu, amevaa kanzu nyeupe. Kuhani huangusha mkasi sakafuni na kumwambia, "Okota, unipe." Mwanamke huokota na kumpa. Kuhani huuangusha tena. Mara tatu. Asipouokota hata mara moja tu, hakuna unywele unaokatwa, na mwanamke hurudi kwao. Hakuna anayeruhusiwa kumwokotea. Maana yake ndiyo hiyo.

Ulyana aliletwa kwenye gari la farasi la kuteleza juu ya theluji, akiwa kati ya askari wawili. Alilazwa kifudifudi, uso kwenye zulia. Alisikia mkasi ukianguka, akakunja vidole vyake ndani ya mikono ya kanzu. Hakuokota. Lakini mara tatu alisikia mkasi ukiokotwa karibu na sikio lake, kwa mkono ambao hakuuona. Kisha akasikia msuko wake ukikatwa, na kuhani akasema jina lake sasa ni Melania.

Tangu siku hiyo hakuitika jina hilo, wala hakushika mkasi. Alipewa kazi kwenye karakana ya mishumaa, na tambi alizikata kwa kisu.

Mama Mkuu Sosipatra alikuwa amekaa karibu na jiko la matofali, viatu vya sufu miguuni ingawa theluji ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Siku ile ya mkasi yeye alikuwa mwoka mikate tu, hakuwepo kanisani. Mkuu wa wakati ule alishakufa, na kuhani yule naye alishakufa.

"Soma mwenyewe," alisema. "Macho yangu hayapendi mwandiko wa kujipinda."

Ulyana akasoma.

"Mke wangu mpenzi Ulyana. Sharlota alifariki mwaka jana, hakuacha mtoto. Shangazi yangu Malkia amezeeka, mwaka huu anamtaja mrithi. Wazee wa Moscow hawakumpenda yule Mjerumani, wewe wanakupenda mpaka leo, na wamesema wataniunga mkono nikikurudisha nyumbani. Nakuja Jumanne pamoja na Askofu. Mwambie ukweli tu, kwamba hukuokota mkasi. Basi utawa wako haukuwa utawa hata siku moja, na wewe bado u mke wangu. Nakukumbuka sana. Arkadi."

"Umeona?" alisema Mama Sosipatra. "Kukukumbuka amekuweka mkiani, nyuma ya wazee wa Moscow."

"Kuweka kwenyewe ni kitu, Mama. Zamani asingeweka."

"Unamtaka?"

"Simtaki."

"Unataka utawa?"

"Sijawahi kuutaka."

Mama Sosipatra akakuna goti.

"Basi umebanwa pande zote mbili, mwanangu. Ukisema uliokota, utazikwa humu ukiitwa Melania. Ukisema hukuokota, Jumanne unapanda gari lake."

"Hakuna mlango wa tatu?"

"Upo mmoja, lakini huwezi kuufungua wewe wala mimi. Ni mumeo mwenyewe aufungue, na lazima aufungue mbele ya Askofu. Nenda kafanye kazi. Na mwambie yule wa nyuki kwamba asali huanza kuletwa kwenye meza yangu, ndipo iende kwenye karakana ya mishumaa. Nimekaa kimya miaka mingi, lakini pua ninayo."

Wa nyuki alikuwa Terenti Lukich. Aliishi kwenye kibanda nje ya ukuta, akileta nta kila wiki. Alikuwa askari zamani, hilo lilijulikana kwa jinsi alivyosimama. Aliacha jeshi na kuja kuomba kazi mwaka ule ule Ulyana alioletwa. Tangu hapo, kila alipoleta nta, alileta na tambi zilizokwisha kukatwa kwa kipimo, ili Ulyana asihangaike na kisu. Hakuwahi kusema kwa nini. Ulyana hakuwahi kuuliza. Kati yao hakuna aliyewahi kutamka neno la mapenzi, na mapenzi yalikuwa yamekaa pale muda mrefu kama mgeni asiyeaga.

Alimkuta akitoa mizinga kwenye chumba cha chini ilimolala msimu wote wa baridi.

"Arkadi anakuja Jumanne," Ulyana alisema. "Anataka kunirudisha."

Terenti akauweka mzinga chini polepole.

"Wewe utasema nini?"

"Nitasema kweli, sikuokota. Lakini watauliza nani aliokota, nami sijui. Miaka yote nimekuwa nikifikiri labda ni Glafira."

"Siyo Glafira."

"Umejuaje?"

Terenti akafuta mzinga kwa kiganja.

"Glafira hawezi kuinama," alisema.

Ulyana akacheka mpaka akashika ukuta. Terenti hakucheka. Alikuwa akiangalia mikono yake kama mtu aliyeshika kitu kinachonata.

"Kwani wewe unataka nini hasa, Ulyana Nikitishna?"

"Mimi? Nilipoolewa, baba ndiye aliyejibu. Nilipoletwa huku, mtu mwingine ndiye aliyeokota. Nataka siku moja mtu aniulize, kisha angoje jibu langu. Hicho tu."

"Si kitu kikubwa."

"Sasa mbona hakijawahi kupatikana?"

Jumanne walikaa kwenye ukumbi wa chakula. Askofu Varsonofi alikuwa mzee, miguu imevimba, hakupenda ugomvi na wakubwa. Alipewa kiti chenye mto na kikombe cha kvasi, kinywaji kichachu cha mkate mweusi. Kitabu cha kanisa kiliwekwa wazi mbele yake. Arkadi alikuwa amenenepa, amevaa nywele za bandia zilizonyunyiziwa unga, na kila alipogeuza shingo unga ulimdondokea begani.

"Njiwa wangu," alimwambia Ulyana. "Hujabadilika."

"Wewe umebadilika."

Watawa waliokuwa ukutani wakainamisha nyuso zao. Askofu akakohoa.

"Binti, mbele ya Mungu, uliokota mkasi kwa mkono wako?"

"Hapana, Baba Askofu. Hata mara moja."

Arkadi akatabasamu.

"Nani aliokota?"

"Sijui. Uso wangu ulikuwa chini."

"Hapo pagumu," alisema Askofu. "Kitabu kinasema Melania aliokota mara tatu. Kuhani kafa, Mkuu wa zamani kafa. Neno la mtu mmoja haliwezi kufuta kitabu."

"Shahidi yupo," Arkadi alisema. "Mimi hapa."

"Mtukufu ulikuwepo kanisani?"

"Sikuwepo, lakini amri ilikuwa yangu. Nilimwambia ofisa wangu, mke wangu akikataa, okota wewe. Basi kitabu kimesema uongo, na mimi ndiye ninayejua."

Mama Sosipatra alikuwa akifuma soksi. Hakuinua macho.

"Samahani, Mtukufu, mimi ni mwoka mikate, mambo makubwa yananipita. Ulipata kujua lini kwamba hakuokota?"

"Siku ile ile. Ofisa alirudi akaniambia."

"Ile ile. Kabla ya harusi yako na marehemu Mama Sharlota, Mungu amrehemu?"

"Harusi ilikuwa wiki mbili baadaye. Ndiyo nawaambia, nilijua mapema kabisa kwamba Ulyana bado ni mke…"

Akajiuma ulimi. Unga ukamdondoka begani. Askofu akaweka kikombe chake chini bila kunywa.

"Endelea, Mtukufu," alisema Mama Sosipatra. "Bado ni mke wa nani?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Ofisa huyo yu wapi?" aliuliza Askofu.

"Alitoweka. Aliacha jeshi mwaka ule ule. Mtu wa ovyo."

"Nipo hapa."

Sauti ilitoka mlangoni. Terenti Lukich alikuwa amesimama, kofia mkononi, na viatu vyake vilikuwa na tope. Arkadi alimkazia macho, kisha akamtambua.

"Mkono ulikuwa wangu," Terenti alisema. "Mara zote tatu."

"Unajua kanisa linamfanya nini mtu aliyetoa kiapo kitakatifu kwa niaba ya mwingine?" aliuliza Askofu.

"Najua, Baba. Nimekuja hivyo hivyo."

Ulyana hakumtazama usoni. Alitazama mikono. Ndiyo iliyomletea asali, ndiyo iliyokata tambi. Akakumbuka alivyocheka pale kwenye mizinga hadi kushika ukuta. Hakulia. Alihisi baridi tu, kama mtu aliyefunguliwa mlango nyuma ya mgongo.

"Binti," Askofu alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Wewe unataka nini?"

Ukumbi mzima ulingoja. Ulyana aliona kwamba wanangoja, akajipa muda.

"Sikuwa mtawa," alisema. "Hilo limekwisha kujulikana. Lakini mtu huyu alioa mke mwingine nami nikiwa hai, tena akijua. Sheria ya kanisa inamwambia nini mwanamke aliyefanyiwa hivyo?"

Askofu akatazama dirishani. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Inamwacha huru."

"Huru kuolewa?"

"Aliyekosewa anaweza kuolewa. Aliyekosa, hapana."

"Ulyana, acha utoto," Arkadi alisema. "Nitakufanya malkia."

"Ulishanifanya Melania."

"Nilikuwa kijana. Sharlota alinipumbaza."

"Marehemu hayupo kujitetea, mwache alale. Arkadi Borisovich, kwa miaka sita nilikuwa nikikungoja mezani mpaka supu inaganda. Hukuwahi kuniuliza kama nimekula. Leo umekuja na Askofu, na bado hujaniuliza. Umenielekeza tu la kusema."

Arkadi akapangusa unga begani. Inawezekana alikuwa akitafuta swali, lakini hakulipata.

Mama Sosipatra akahesabu vitanzi vya soksi yake, kisha akasema:

"Mtukufu, jambo hili linaweza kuandikwa kwenye kitabu chetu kidogo hapa, likalala. Au linaweza kwenda kwa shangazi yako Malkia, anayetafuta mrithi. Sisi wanawake wa kijijini hatujui lipi ni bora. Kalamu hii hapa."

Arkadi alitia sahihi kwenye kitabu kile kidogo, kukiri kwamba alioa akijua. Aliondoka kabla supu haijaletwa. Mwisho wa mwaka Malkia alimtaja mtu mwingine, na Moscow ikamsahau Arkadi taratibu.

Terenti alipewa adhabu yake. Kwa mwaka mzima, mpaka Pasaka ya mwaka ujao, asivuke kizingiti cha kanisa wala asipokee sakramenti. Kila ibada asimame nje kwenye ngazi, na kila siku asujudu mara mia mbele ya watu wanaoingia.

Ulyana alihamia kwenye nyumba ndogo ya marehemu shangazi yake, upande wa pili wa mto. Alivua nguo nyeusi, akaendelea kutengeneza mishumaa ya kanisa. Nta ililetwa na Glafira, ambaye alilalamika kila safari kwamba daraja linateleza. Tambi zilikuja zimekatwa. Ulyana akazirudisha. Zikaja tena. Akazirudisha tena.

Mwezi wa sita ndani ya gunia la nta kulikuwa na karatasi.

"Ulyana Nikitishna. Sikuokota kwa kukuchukia. Niliokota kwa sababu niliogopa. Terenti."

Ulyana akaikalia barua siku nne. Kisha akaandika nyuma yake:

"Mara ya kwanza uliogopa, nimeelewa. Na mara ya pili?"

Glafira akavuka daraja, akalalamika, akarudi na jibu.

"Mara ya pili niliogopa zaidi, maana nilishafanya mara moja."

"Na ya tatu?"

Jibu la hilo lilichelewa. Majani yalianguka, mto ukaganda, Glafira akawa anavuka juu ya barafu bila daraja. Watu waliokwenda kanisani walisema Terenti anasujudu kwenye theluji na hajikingi kwa kitu. Ulyana alikuwa anasali kwenye kanisa la upande wake wa mto. Siku moja tu alipita kwa mbali, akamwona ameinama na mgongo umejaa theluji. Akasimama kidogo, akaenda zake.

Jibu lilifika Kwaresima.

"Mara ya tatu nilikuwa nimeshazoea. Mkono ulikwenda wenyewe. Ndiyo maana niliacha jeshi, na ndiyo maana sikukuambia. Siogopi adhabu. Niliogopa ulijue hilo la tatu."

Ulyana alisoma mara mbili. Hakuandika kitu. Lakini gunia lililofuata lilipokuja na tambi zilizokatwa, hakuzirudisha.

"Nimwambie nini?" Glafira aliuliza.

"Usimwambie kitu. Ataona gunia limerudi tupu."

"Nyie wawili mtaniua kwa miguu. Si mkutane tu kama watu?"

Jumatatu ya Pasaka, saa za asubuhi, Terenti Lukich alibisha mlango. Adhabu ilikuwa imekwisha jana yake. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu safi, na magoti ya suruali yake yalikuwa yamechakaa kwa mwaka mzima wa kusujudu. Mkononi alishika yai jekundu, kama wanavyopeana watu siku hizo.

"Kristo amefufuka," alisema.

"Kweli amefufuka."

Desturi ni kwamba baada ya hapo watu hubusiana mashavuni mara tatu. Ulyana alipokea yai, shavu hakulitoa.

"Kaa."

"Nimezoea kusimama."

"Ulinichekesha siku ile kwenye mizinga," Ulyana alisema. "Kwamba Glafira hawezi kuinama. Nimekasirikia kicheko kile kuliko hata mkasi."

"Najua."

"Ungeweza kusema pale pale."

"Ningeweza. Miaka kumi na miwili kila wiki ningeweza."

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Hapana. Msamaha nimeuomba mara mia kila siku, kama umenipa au hujanipa ni wewe unajua. Nimekuja kukuuliza jambo, kisha nitangoja. Ukiniambia ningoje nje, nitangoja nje, nimeshazoea ngazi."

"Uliza."

"Utakubali kuolewa na mimi?"

Ulyana akaweka yai mezani. Alikwenda kwenye sanduku la shangazi yake, akatoa mkasi wa zamani, mkubwa, wa kukatia kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kushika mkasi tangu aletwe utawani. Akampa Terenti.

"Angusha."

"Ulyana Nikitishna…"

"Nimesema angusha."

Mkasi ukaanguka sakafuni. Ulyana akainama, akauokota, akampa.

"Tena."

Ukaanguka. Akainama, akauokota, akampa.

"Tena."

Safari hii mkasi ukaanguka, ukateleza hadi karibu na jiko. Ulyana akautazama. Hakuinama. Alitazama dirishani, ambako watu walikuwa wanapita na mayai yao. Akamtazama Terenti, magoti yale, mikono ile. Jiko likalia kidogo, kuni zikashuka. Terenti hakusogea, wala mkono wake haukwenda chini kumsaidia. Alingoja.

Ulyana alipotosheka kwamba anangoja, alikwenda karibu na jiko, akainama, akauokota.

"Shika," alisema. "Kristo amefufuka."

Akatoa shavu.

Walioana Jumapili iliyofuata, siku ambayo huko watu huanza tena kufungishwa ndoa baada ya mfungo. Mama Sosipatra alioka mkate wa harusi mwenyewe, akisema hiyo ndiyo kazi anayoijua. Glafira aliimba, na alipoombwa kuokota leso ya bibi harusi iliyoanguka, alisema aulizwe mtu mwingine, yeye hawezi kuinama. Bibi harusi alicheka, na safari hii Terenti alicheka pia.

Kuhani akasimama mbele yao, akauliza kama anavyowauliza wote, kwamba je, anaolewa kwa hiari yake mwenyewe. Kwanza alimwita kwa jina.

"Ulyana."

Akageuka.